Jicho la Barke na Maji ya Chula

Mgeni aliyefika kisiwani Chula kwa mara ya kwanza alijulikana kwa uso wake pale alipopewa maji. Alipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akasema bismillahi, akapiga funda moja, kisha shingo ikasimama na macho yakamtoka kidogo. Mwenye adabu alimeza. Asiye na adabu alitoka nje kana kwamba kuna mtu amemwita. Wenyeji walitazamana wakacheka chini kwa chini, maana kwao yale yalikuwa maji tu. Kisima kilichimbwa kwenye mwamba na wazee ambao hakuna aliyekumbuka majina yao, bahari ilikuwa hapo hapo ukirusha jiwe, na chumvi iliingia kisimani kama jirani asiyepiga hodi. Mvua ikinyesha sana maji yalilegea, na watu wa Chula wakalalamika kwamba kisima kimepooza.

Barke binti Famau alioshwa kwa maji hayo siku aliyozaliwa, na akaja kuwapikia uji kwa maji hayo hayo watoto wake wawili, Tasnim na Mahir. Mumewe, Omar, alikuwa nahodha wa mashua iliyobeba mizigo baina ya visiwa na Kismayo. Kila alipotoka alijaza dumu la maji ya Chula, kwa sababu ya Kismayo, alisema, yalimwacha na kiu.

"Nakunywa, nakunywa, kama nameza upepo," alikuwa akisema akirudi.

"Basi usinywe huko," Barke alikuwa akimjibu. "Rudi nyumbani unywe."

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, watu wa visiwani walidhani ni mambo ya bara. Bara liliwajia. Walikuja wenye bunduki wakachukua mashine za mashua, wakarudi wakachukua nyavu, wakarudi tena wakachukua masufuria. Mara ya mwisho walitaka mtu anayejua njia za maji baina ya miamba, na mtu huyo alikuwa Omar. Ilikuwa asubuhi, anakunywa chai. Walimwacha avae shati, hawakumwacha avae viatu. Barke alisimama mlangoni na Mahir kiunoni. Omar alipita mbele yake akasema, "Watie watoto ndani," akaenda zake katikati ya wale watu kama anayekwenda kazini. Viatu vyake vya ngozi vilibaki kizingitini, kimoja kimelala ubavu.

Hakurudi. Mashua nayo hakuna aliyeiona tena. Hakukuwa na maiti, wala shahidi, wala mtu wa kusema nilimwona akianguka. Kwa hiyo Barke hakujua kama ni mjane au mke. Hakukaa eda, kwa maana kukaa eda ni kusema amekufa. Hakuacha kukaa mlangoni, kwa maana kuacha ni kusema vivyo hivyo. Kilio hakikuja. Alikingoja kama mtu anavyongoja chafya, kikapita.

Walipoondoka kisiwani, yeye na watoto na kaka yake Yusuf, alivichukua vile viatu. Safari yenyewe Barke hakuisimulia vizuri kwa mtu yeyote. Aliyemwuliza alijibiwa, "Tulipanda chombo Ras Kamboni, tukashuka Kiunga." Na aliyemwuliza baada ya Kiunga ikawaje, alijibiwa, "Tukaletwa huku."

Huku palikuwa kambi ya Jomvu, nje kidogo ya Mombasa, ambako Wabajuni wengi kutoka visiwa vile walikusanywa. Kulikuwa na mahema, kisha vibanda vya makuti na nailoni, na mfereji wa maji. Watoto wa Chula walipokunywa maji ya mfereji walimtazama mama yao. Mahir, aliyekuwa mdogo bado, alisema, "Mama, haya hayana kitu."

Hayakuwa na kitu kweli. Yalipita mdomoni kama hayakupita. Barke alichukua kibiriti kitupu alichowekea chumvi, akatia vidole viwili, akadondosha ndani ya ndoo, akakoroga kwa mkono, akaonja. Akaongeza. Mahir akanywa akanyamaza. Watu wengine wa Chula walifanya hivyo hivyo mwanzoni, kisha mmoja mmoja wakaacha, ulimi ukazoea. Wa Barke haukuzoea. Tangu Omar achukuliwe, chakula kilikuwa kama karatasi, uji kama uji wa mgonjwa. Chumvi peke yake ndiyo iliyobisha hodi mdomoni mwake ikasikika. Miaka ikapita, na vidole viwili vikawa vitatu, vitatu vikawa kijiko. Aligawa ndoo mbili: ya watoto, ambayo ilikuwa na chumvi ya kuonja tu mpaka nao wakaizoea ya mfereji, na yake mwenyewe, iliyofunikwa kwa sahani ya bati.

Jirani yake alikuwa Zaituni, mwanamke wa mjini Kismayo aliyekuwa na duka la vitambaa na bado aliongea kama yuko nyuma ya meza yake. Alikuwa akimwita Barke *abaayo*, kwa Kisomali, maana yake dada, hasa alipotaka kumchokoza.

"Abaayo, nyinyi wa visiwani mwisho wenu mtakunywa bahari yenyewe."

"Na nyinyi wa mjini mtakunywa hewa."

"Hewa haina kazi ya kuchota."

Barke aliinua mabega. Zaituni alizoea kuzungumza peke yake akiwa naye, hakuona taabu.

Kichwa kilimuuma Barke asubuhi, upande wa kisogoni, na aliona ni sawa. Kila mtu kambini alikuwa na kichwa chake. Wakati mwingine masikio yalivuma. Akilala aliwatazama watoto mpaka usingizi umchukue, na akiamka kitu cha kwanza aliwatafuta kwa macho: Tasnim yule, Mahir huyu. Asingekuwa na kazi nyingine duniani, hiyo ingemtosha. Akienda mferejini alisimama mahali ambapo mlango wa kibanda chake ulionekana. Tasnim akienda shule ya kambi, mama yake alimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona ya kichochoro, na akirudi alimkuta pale pale.

Kwa hiyo siku jicho lilipomwacha, alilijua upesi.

Alikuwa akichagua mchele. Moshi wa kuni ukamwingia jicho la kushoto, akalifunika kwa kiganja, akaendelea na la kulia. Ungo haukuwepo. Kando zake zilikuwepo, na mikono yake ilikuwepo, lakini katikati palikuwa na doa la rangi ya kahawa iliyomwagika, na mchele ulikuwa chini ya doa hilo. Alitoa kiganja: ungo mzima. Alifunika tena: doa. Alijaribu kumtazama Zaituni aliyekuwa akisuka ukili mlangoni pake. Zaituni alikuwa na ushungi, mikono na ukili. Uso hakuwa nao.

Hakushtuka. Alimaliza kuchagua mchele.

Hakumwambia mtu kwa sababu alijua kitakachofuata. Tasnim angeacha shule awe wa kumshika mama yake mkono. Mahir angechungwa na watu wengine. Akajifundisha kugeuza kichwa, kumpa kila mtu upande wa kushoto. Kila asubuhi alilifunga jicho la kulia akaujaribu ubavu wa mlango kwa la kushoto. Boriti ilisimama wima. Akaridhika. Usiku alilisuuza lile bovu kwa maji ya ndoo yake, kama walivyofanya Chula mtu akiingiwa na mchanga jichoni.

Ni chai iliyomfichua. Alimmiminia Tasnim kikombe, na chai yote ikaenda mkekani, polepole, kwa adabu, kando ya kikombe.

Tasnim aliitazama chai, akamtazama mama yake. Alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa ameanza kusema "mtu" badala ya "mchu" kwa sababu ya shule.

"Mama, vidole vingapi?"

"Ondoa mkono usoni pangu."

"Vingapi?"

"Vitano. Mchu ana vidole vitano."

"Nimenyoosha viwili."

Zaituni aliitwa akaja na maoni yake. "Hukumlilia Omar," alisema. "Machozi ya miaka yote hii yamekaa mle ndani yamechacha. Lia, abaayo, litafunguka."

"Nitalia nikipata nafasi," Barke alisema.

Kesho yake Tasnim alimpeleka zahanati ya kambi. Nesi alikuwa Fadhila, Mswahili wa Mombasa, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha foleni. Alimkalisha Barke kwenye benchi.

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu vita."

"Hapa kila mtu ananiambia tangu vita. Nipe mkono."

Akamfunga kitambaa cha kupimia presha, akapuliza kwa kubonyeza mpira, akasikiliza, akapuliza tena. Alimtazama Barke, kisha akampima mkono wa pili.

"Bi Barke, mia mbili na kumi kwa mia na ishirini. Umekuja kwa miguu?"

"Nimeletwa na huyu."

"Huyu amekuokoa. Watu wenye presha hii huletwa kwa machela."

Barke alimtazama Tasnim, kwa upande wa kushoto. Msichana alikuwa akiuma ncha ya ushungi.

Walipewa vidonge, na Alhamisi wakapelekwa kwa gari kwa daktari wa macho mjini. Daktari alikuwa kijana, amechoka, ana doa la wino mfukoni. Alimtia matone yaliyofanya mwanga umchome, akamweka katika chumba cha giza, kidevu juu ya kipande cha chuma, akamchungulia ndani ya jicho kwa taa ndogo. Barke alihisi pumzi yake shavuni. Ilikuwa muda mrefu hakukaribiwa na mtu hivyo.

"Nyuma ya jicho kuna ukuta mwembamba," daktari alisema taa zilipowashwa. Alizungumza na wote wawili, yeye na Tasnim. "Ukuta huo ndio unaoona. Unalishwa na mishipa ya damu midogo kama uzi wa kushonea. Presha ikikaa juu miaka, mishipa hiyo hukakamaa na kuwa myembamba. Mshipa mgumu ukipita juu ya mwenzake unaukandamiza, damu inakwama, inavuja. Hilo la kulia ndilo limepatwa. Mshipa mmoja umeziba, damu imemwagikia pale pa kuonea. Sikudanganyi, mama. Huenda lisirudi."

"Na hili?" Tasnim aliuliza.

"La kushoto limeanza. Nimeona vidoa vya damu, na mabaka meupe kama pamba, sehemu ambazo damu haifiki vizuri. Presha ikishuka tutalisimamisha hapo. Isiposhuka, ataamka siku moja limekuwa kama mwenzake."

"Litauma?" Barke aliuliza.

"Halitauma. Hata presha yenyewe haiumi, ndiyo ubaya wake. Hutasikia kitu."

Barke aliitikia kwa kichwa. Hilo alilielewa kuliko yote aliyoambiwa. Kutosikia kitu alikuwa amekuzoea.

"Vidonge kila siku, hata ukijisikia mzima," daktari alisema. "Na chumvi punguza. Ng'onda, papa mkavu, achana navyo."

"Ng'onda tutampata wapi kambini," Barke alisema. "Chumvi ya chakula natia kidogo tu. Muulize mwanangu."

"Anatia kidogo," Tasnim alisema. "Mchuzi wake hauna ladha." Na ilikuwa kweli.

Basi akawa anameza vidonge. Kila asubuhi Tasnim alisimama mbele yake mpaka koo lishuke, kisha Barke akashushia kwa kikombe cha maji yake. Alikwenda kupimwa, presha ikawa imeshuka kidogo sana. Akaenda tena, imerudi ilipokuwa. Fadhila alimwongezea dawa. Mwezi uliofuata alimfunga kitambaa, akapuliza, akakitupa mezani.

"Bi Barke, niambie ukweli, sitakasirika. Unameza au unampa mtu?"

"Nameza."

"Wengine huziuza."

"Nani atanunua ugonjwa?" Zaituni alidakia. Alikuwa amekuja kusindikiza kwa sababu hapendi kukosa jambo. "Anazimeza, Sista. Mimi shahidi. Anazimeza kama kuku anayelazimishwa."

"Chumvi?"

"Kidogo," Barke alisema.

Fadhila alikikunja kitambaa. "Basi sielewi," alisema, na Barke akaona kwamba haelewi kweli, na hilo lilimtia hofu kuliko ukali.

Maana asubuhi ile boriti ya mlango ilikuwa na kibyongo. Alikuwa amefunga jicho la kulia kama kawaida, akautazama ubavu wa mlango kwa la kushoto, na katikati boriti ikapinda, kama kitu kilicho chini ya maji. Alipepesa, ikapinda vile vile. Hakumwambia Tasnim. Alitoka nje akawatazama watoto wakienda shule. Alimwona Mahir anaruka dimbwi, akamtazama vizuri, namna soksi moja ilivyoshuka, namna alivyonyoosha mikono akiruka. Akamtazama mpaka kwenye kona. Akaambia moyo wake, kama anayeweka kitu kabatini, hii nimeiona.

Siku chache baadaye manesi walipita vibandani kuwachanja watoto. Jua lilikuwa kali. Fadhila alifika kwa Barke amelowa jasho, akajitupa juu ya dumu tupu lililokuwa mlangoni.

"Bi Barke, nisaidie maji ya kunywa kabla sijafa mikononi mwako."

Barke alifurahi, kwa kadiri alivyoweza kufurahi siku hizo. Mgeni hanyweshwi maji ya watoto. Alichukua bilauri, ya kioo, waliyokuwa nayo moja, akaisuuza, akaifuta kwa pindo la leso safi, akafunua sahani ya bati, akachota katika ndoo yake. Akampelekea kwa mikono miwili.

Fadhila alisema bismillahi, akapiga funda moja kubwa. Shingo ikasimama. Macho yakamtoka.

Barke aliujua uso ule. Hakuwa ameuona tangu Chula. Kwa kitambo kidogo alikuwa mlangoni kwake, bahari iko hapo, na mfanyabiashara fulani kutoka Kismayo anatafuta mahali pa kutema, na Omar amejifunika mdomo kwa kiganja asicheke.

Fadhila alimeza. Alikuwa mwenye adabu.

"Bi Barke, haya ni maji gani?"

"Ya kunywa."

"Yana chumvi."

"Si sana."

"Umeyatia chumvi?"

"Nimeyatengeneza," Barke alisema.

Fadhila aliiweka bilauri chini taratibu. "Unakunywa haya kila siku?"

"Ndiyo maji yangu. Ya watoto ni ile ndoo nyingine."

"Nimekuuliza chumvi mara ngapi mimi?"

"Umeniuliza chumvi ya chakula."

"Na hii?"

"Hii si chumvi," Barke alisema, akishangaa kwamba mtu aliyesoma anahitaji kuelezwa. "Haya ni maji."

Kisha upande wa pili wa ukuta wa nailoni sauti ya Zaituni ikasema, "Nilimwambia watakunywa bahari. Nilisema. Hakuna anayenisikiliza katika kambi hii."

Fadhila hakugomba. Aliinuka, akaingia ndani bila kukaribishwa, akaibeba ndoo ya Barke mpaka nje, akaimwaga kwenye mchanga. Chembe za chumvi zilizoganda ukingoni mwa ndoo zilibaki ziking'aa kama mayai ya samaki. Akaisuuza, akaijaza maji ya mfereji, akairudisha mahali pake, akaifunika kwa sahani ile ile ya bati.

"Unakunywa kama yalivyo," alisema. "Ukishindwa, shindwa, lakini usiyatengeneze. Jicho hilo moja ndilo ulilobakiwa nalo."

Barke alikunywa kama yalivyo. Alikunywa kikombe, akangoja, kiu ikawa pale pale. Alikunywa cha pili. Tumbo lilijaa na koo likabaki kavu. Nameza upepo, alisema moyoni, na akatambua maneno yale ni ya nani, na akakaa na kikombe mkononi muda mrefu. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe kwenye kibiriti cha chumvi. Alikipa Zaituni akiweke kwake.

"Ukikiomba nisikupe?"

"Usinipe."

"Hata ukilia?"

"Nikilia nipe," Barke alisema. Zaituni alicheka, kisha akaacha, kwa kuwa Barke hakucheka.

Presha ilishuka. Haikushuka kwa mbio, ilishuka kama mzee anayeshuka ngazi, lakini ilishuka, na kichwa cha asubuhi kikaondoka, na masikio yakanyamaza. Boriti ya mlango ilinyooka, karibu yote. Daktari wa macho alichungulia tena akasema vidoa vya kushoto vimepungua na mabaka ya pamba yameyeyuka. La kulia lilibaki na doa lake la kahawa. "Hili tumelishika," alisema juu ya la kushoto. "Ukiacha dawa au ukirudia chumvi, halitatungoja."

Ndipo habari ikaja kwamba kambi inafungwa.

Waliotaka kurudi visiwani wangepelekwa kwa vyombo, wapewe chakula cha miezi kadhaa na mabati ya kuezekea. Watu wa Chula wengi walikubali. Yusuf alikuwa wa kwanza. Alikuja kwa dada yake amevaa kofia safi.

"Tunarudi kwetu," alisema. "Nimekwisha kukutaja wewe na watoto."

Barke alipekua mkoba wake, akavitoa viatu vya Omar, akavipangusa vumbi ingawa havikuwa na vumbi. Tangu asikie habari ile alikuwa akifikiri jambo moja tu. Omar akiachiwa huko aliko, au akitoroka, ataelekea wapi? Hajui Jomvu. Ataelekea Chula, ataukuta mlango.

"Chula kuna vidonge?" Tasnim aliuliza kutoka kwenye kona.

"Wazee wetu walikuwa wana vidonge?" Yusuf alisema.

"Na maji?"

"Kisima kipo. Kisima hakikuibiwa, hakibebeki."

"Mjomba, kisima hicho kitampofua."

"Amekinywa maisha yake yote."

"Na tazama jicho lake."

Barke alisema, "Baba yenu akirudi asikute mtu?"

"Baba akirudi akukute umekaa mlangoni humwoni?" Tasnim alisema. Sauti yake haikupanda. "Atasimama mbele yako, Mama, na utamwuliza wewe nani."

Mahir alikuwa akichora mstari mchangani kwa kijiti, na Barke alimtazama kwa jicho la kushoto, kichwa kimeinama, kisogo kile kile cha Omar.

Alikwenda kwa Fadhila. Hakutaka ushauri, alitaka kuuliza tu. "Mtu akinywa maji ya kisima kile, na vidonge vikaisha, jicho litachukua muda gani?"

"Sijui," Fadhila alisema. "Huenda muda mrefu. Huenda hata Ras Kamboni hujafika. Ningekuwa najua ningekwambia."

Siku ya vyombo, Barke alikwenda pwani na mkoba. Yusuf aliunyooshea mkono, akidhani anapanda. Alimpa viatu tu, vimefungwa katika kanga.

"Viweke kizingitini, kwa ndani," alisema. "Kimoja kilale ubavu, kama alivyoviacha."

"Nimwambie nini akija?"

"Usimwambie. Akiviona atajua kuna aliyevitunza. Kisha mlete huku."

Yusuf alitaka kusema neno la kumfariji, Barke akampa upande wa kulia, ili asiuone uso wa kaka yake.

Alipata chumba Kisauni, ukuta mmoja na Zaituni, ambaye alikuwa ameapa kutorudi kwenye mji uliompora vitambaa. Tasnim alimaliza shule. Barke alipika mahamri ya kuuza asubuhi, na vidonge vyake alivimeza kabla ya moto kuwaka. Alikunywa maji ya bomba ya Mombasa na hakuyafikiria tena.

Mwaka uliofuata Yusuf alikuja mjini kutafuta nyavu. Alikuwa amekonda, amekuwa mweusi wa jua. Aliweka dumu dogo la manjano katikati ya mkeka.

"Zawadi," alisema. "Funda moja halimuui mtu."

Tasnim alifungua mdomo, Barke akainua mkono. Alimimina kidogo katika kikombe, chini kabisa. Alisema bismillahi, akapiga funda.

Shingo yake ikasimama. Macho yakamtoka.

Tasnim alicheka kabla hajajizuia, kicheko kirefu, akajishika tumbo, na Mahir naye akacheka kwa kuwa dada yake anacheka. Yusuf hakucheka. Barke alikaa na yale maji mdomoni, hayashuki. Aliinuka, akaenda mlangoni, akatema nje, akajifuta kwa pindo la leso.

"Mmeyafanyaje?" aliuliza.

"Ni yale yale," Yusuf alisema. "Kisima hakijabadilika."

Aliketi. Tasnim alikuwa amekwisha kunyamaza. Kwa desturi tu, Barke alifunika jicho la kulia kwa kiganja akamtazama kaka yake kwa la kushoto: mvi za kidevuni, kovu la ndoana juu ya mdomo, mkunjo mpya kwenye paji. Vyote vilikuwepo.

"Viatu vipo?" aliuliza.

"Vipo."

"Kwa ndani?"

"Kwa ndani. Panya wamekula ukanda mmoja."

"Kile kilicholala au kile kingine?"

Yusuf alifikiri. "Kilicholala."

Barke aliitikia kwa kichwa. Aliondoa kiganja usoni, akamwambia Mahir alete maji ya bomba, mjomba wake ana kiu.